Sukuma inageuka njano na kila nikiongeza DAP inaungua: nifanyeje?

"Nina shamba dogo nyuma ya nyumba huku Ruai, Nairobi, futi 40 kwa 50 hivi, udongo ni ule mweusi wa kunata. Nimepanda sukuma wiki mashina kama 600 na huwauzia akina mama mboga wa hapa mtaani. Mwanzoni ilipendeza sana. Siku hizi majani ya chini yanageuka njano na yale yanayotoka juu ni madogo. Mimi hupanda na mbolea ya DAP, na nikiona njano naongeza DAP hiyo hiyo, kiganja kimoja juu ya udongo kwa kila shina. Wiki mbili zilizopita nimeongeza tena. Sasa majani yameungua kingo, na mashina mengine yananyauka jua likiwaka ilhali udongo una maji. Jirani anasema mbolea za dukani ni kemikali za kusisimua mmea tu, hazina chakula ndani, zimeua udongo wangu na zinaleta saratani, nirudi kwa samadi. Mwenye agroveti naye anasema niweke urea. Nimfuate nani?"

Kwa wiki hii usimfuate yeyote kati yao, na usiongeze mbolea ya aina yoyote. Kwa maelezo yako, sukuma yako ina shida mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya muda mrefu: ukosefu wa naitrojeni, ndio unaogeuza majani ya chini njano. Ya pili umeileta juzi ukijaribu kutibu ya kwanza: mizizi imeunguzwa na mbolea iliyozidi. DAP si mbolea mbaya. Tatizo ni kwamba imebeba zaidi kile ambacho sukuma yako haijakosa, umeiweka juu, mahali ambapo fosforasi yake haiifikii mizizi, na kipimo chako kimepita kiasi mara kumi. Nitakuonyesha hesabu yake.

Lakini tuanze na jirani, kwa sababu anachosema kinasemwa na wengi, na sehemu yake ni kweli.

Mmea unahitaji elementi 17 ili ukue na kukamilisha maisha yake. Tatu kati ya hizo, yaani kaboni, oksijeni na haidrojeni, huzipata hewani na kwenye maji, na ndizo zinazojenga sehemu kubwa ya uzito wa jani ukilikausha. Zilizobaki 14 hutoka ardhini. Zinazotakiwa kwa wingi ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu; zikifuatiwa na kalsiamu, magnesiamu na salfa; halafu zipo zile za kiasi kidogo sana kama chuma, zinki, boroni na nyinginezo. Naitrojeni ndiyo iliyo ndani ya protini na ndani ya ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Bila naitrojeni hakuna kijani, na bila kijani hakuna jani la kuuza. Fosforasi husafirisha nguvu ndani ya seli na kusukuma mizizi michanga. Potasiamu huendesha maji: hufungua na kufunga vitundu vya kupumulia kwenye jani na kulifanya lisimame imara.

Sasa, mzizi haunywi samadi, wala haunywi DAP. Unakunywa maji yenye chumvichumvi zilizoyeyuka: nitreti na amoniamu kwa upande wa naitrojeni, fosfeti kwa fosforasi. Samadi ya ng'ombe ikioza, bakteria huivunja mpaka ikatoa nitreti na amoniamu. CAN, mbolea ya dukani ya kukuzia yenye naitrojeni, ikiyeyuka, hutoa nitreti na amoniamu. Nitreti iliyotoka kwa ng'ombe na iliyotoka kiwandani ni kitu kimoja, na mzizi hauna namna ya kuzitofautisha. Kwa hiyo si kweli kwamba mbolea ya dukani inasisimua tu bila kulisha.

Wala haitoki kwenye mitungi ya siri. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Kunde na maharagwe hujisaidia kwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yao. Sukuma haina bahati hiyo. Mwaka 1913, kiwanda cha Oppau huko Ujerumani kilianza kutengeneza amonia kwa wingi kwa njia aliyoigundua Fritz Haber na kuendelezwa na Carl Bosch. Naitrojeni ya hewani hukutanishwa na haidrojeni, ambayo siku hizi hutokana zaidi na gesi asilia, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Amonia hiyo ndiyo mama wa urea, CAN na DAP. Ndiyo sababu gesi ikipanda bei huko duniani, wewe uliye Ruai unaona mfuko umepanda. Fosforasi huchimbwa kama mwamba, kwa mfano huko Moroko, na hata majirani zetu wa Tanzania wana machimbo ya Minjingu; mwamba huo hutiwa asidi ili uweze kuyeyuka. Potasiamu ni chumvi ya kuchimbwa pia, nyingi ikitoka Kanada, Urusi na Belarusi.

Kuhusu saratani, watu wengi huchanganya mbolea na dawa za kuua wadudu, vitu viwili tofauti kabisa. Chembe za CAN si sumu ya wadudu. Kuna mambo mawili ya kuangalia hata hivyo. Baadhi ya miamba ya fosfeti huwa na kadmiamu kidogo, metali nzito yenye sumu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomwaga DAP bila kipimo. La pili ni nitreti kuingia kwenye maji ya kisima kifupi, nami nitalirudia mwishoni. Ila kama hofu yako ni metali nzito kwenye mboga za Nairobi, hasa upande wenu karibu na mitambo ya maji taka, jiulize kwanza unamwagilia maji ya wapi. Maji ya mtaro wa maji taka yananitia wasiwasi kuliko mfuko wowote wa CAN.

Pale ambapo jirani ana haki ni kwenye afya ya udongo. DAP na CAN hazina mboji hata chembe. Mboji ndiyo inayoufanya udongo mweusi usipasuke nyufa za kutumbukiza mguu wakati wa kiangazi na usiwe tope la kunata wakati wa masika. Ukilisha mmea kwa chembe za dukani miaka nenda rudi bila kurudisha kitu kilichooza, udongo unabaki mzito, hauna hewa, na mizizi inashindwa kutumia hata kile ulichoweka. Tena, mbolea zenye amoniamu huongeza uchachu wa udongo, kwa sababu bakteria wanapogeuza amoniamu kuwa nitreti hutoa asidi. Kwa mkulima wa udongo mwekundu wa Dagoretti au Kikuyu, ambao kwa kawaida ni wa asidi tangu mwanzo, hilo ni jambo zito: DAP na urea kila msimu bila chokaa ya kilimo huvunja mavuno polepole. Udongo wako mweusi mara nyingi hauna asidi, huwa wa kati au umeelekea kidogo upande wa magadi, yaani kinyume cha asidi. Kwa hiyo usikimbilie chokaa wala jivu kwa kuwa mkulima wa huko Kikuyu amekwambia limemsaidia.

Sasa hesabu niliyokuahidi.

Chukua kilo 100 za majani ya sukuma mabichi, yale unayomjazia mama mboga. Ndani ya kilo hizo 100 kuna takribani nusu kilo ya naitrojeni, takribani gramu 400 za potasiamu, na fosforasi isiyofika gramu 100. Kila gunia likitoka langoni, vitu hivyo vimetoka shambani kwako na haviwezi kurudi vyenyewe. Ndiyo maana mwanzoni ilipendeza: ulikuwa ukichuma akiba ya ardhi.

Angalia basi unachorudisha. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Tarakimu ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ya pili ni ya fosforasi, ya tatu ni ya potasiamu. Hapo kuna mtego mdogo: ile 46 si fosforasi tupu, ni fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni, kwa desturi ya zamani ya kuandika mifuko. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Hata hivyo unaona mwelekeo: DAP ina fosforasi kwa wingi, naitrojeni kiasi, potasiamu sifuri. Sukuma inayochumwa inapoteza naitrojeni na potasiamu, na fosforasi kidogo tu. Umekuwa ukilipa deni kwa mtu asiyekudai.

Kiasi nacho. Kiganja cha mtu mzima hubeba gramu 50 hadi 70 za DAP. Tuseme 60. Kwa mashina 600 hizo ni kilo 36, karibu robo tatu ya mfuko, kwenye kipande cha mita mraba 186. Ukikigeuza kiwe ekari, ni sawa na kumwaga karibu mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari moja. Kiwango cha kupandia sukuma ni kama mfuko mmoja na nusu kwa ekari. Fosforasi iliyo ndani ya kilo hizo 36 ni zaidi ya kilo 7, inayotosha kwa hesabu ya karatasi tani 7 za majani, na hiyo ni mara moja tu uliyoweka.

Utaniuliza: kama DAP ina naitrojeni asilimia 18, basi kilo 36 zimeleta kilo 6 na nusu za naitrojeni; mbona majani bado ni ya njano? Sababu ni tatu. Naitrojeni ya DAP ni amoniamu. Chembe ikiyeyuka juu ya udongo, pale ilipo huwa na hali ya magadi, na kwenye udongo ambao nao una magadi, sehemu ya amoniamu hugeuka hewa ya amonia na kupaa. Harufu ile ya kuchoma pua ni pesa yako inayoondoka. Sababu ya pili: udongo mweusi ukijaa maji hukosa hewa, na hapo wapo bakteria wanaopumua kwa kutumia nitreti badala ya oksijeni, wakiirudisha angani kama gesi. Ya tatu ndiyo iliyokukamata wiki hii. Mizizi iliyoungua hainywi, hata ukiiwekea karamu.

Kuungua kwenyewe ni jambo rahisi kulielewa ukitazama kachumbari. Ukinyunyizia chumvi kitunguu kilichokatwa, baada ya dakika chache maji yamejaa chini ya bakuli, kwa sababu chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Mbolea pia ni chumvi. Ikizidi karibu na mzizi, maji hayaingii tena, bali hutoka. Ndiyo maana mashina yako yananyauka saa sita mchana ilhali ukishika udongo una unyevu. Jani nalo huanza kukauka pale mbali zaidi, kwenye kingo. Ongeza hapo amonia inayotoka kwenye DAP, ambayo yenyewe ni sumu kwa mizizi michanga.

Fosforasi yenyewe ina tabia unayopaswa kuijua: haitembei. Nitreti husafiri na maji, ukiimwaga juu itashuka. Fosforasi husogea milimita chache tu kutoka chembe ilipoangukia, kisha hushikwa. Kwenye udongo mwekundu hushikwa na chuma na aluminiamu, kwenye wako hushikwa na kalsiamu. Kwa hiyo huwekwa mara moja tu, wakati wa kupanda, chini ya mzizi. DAP uliyomwaga juu ya udongo kwa shina lililokwisha kukua ni kama haipo kwa upande wa fosforasi. Na ikirundikana mno, huuzuia mmea kunywa zinki na chuma, vitu ambavyo kwenye udongo wenye magadi tayari ni adimu kwa mzizi.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Tembea shambani asubuhi, jua halijawa kali. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, na njano yake huenea jani zima kwa usawa, kwa sababu mmea huhamisha naitrojeni kutoka majani mazee kupeleka kwa machanga. Ikiwa njano iko kwenye majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani, hiyo ni chuma au zinki, si naitrojeni. Ikiwa kingo za majani mazee zimekauka polepole kwa wiki nyingi, fikiria potasiamu. Zikikauka ndani ya siku chache baada ya kuweka mbolea, ni chumvi. Na ukiona pembetatu ya njano inayoanzia ukingoni mwa jani, ncha ikielekea mshipa wa kati, na vimishipa ndani yake vimekuwa vyeusi, weka mbolea pembeni kabisa. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria. Shina hilo ling'olewe, lisitupwe kwenye shimo la mboji, na usiguse mengine yakiwa na umande.

Kisha ng'oa mashina mawili yanayonyauka, suuza mizizi kwenye ndoo. Mizizi myeupe na migumu ina uhai. Iliyokuwa ya kahawia na inayobanduka ngozi ukiivuta imeungua au imeoza kwa maji. Ikiwa na vinundu au imevimba kama vidole, una minyoo ya mizizi au ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, na hapo hesabu zote nilizokupa hazitakusaidia.

Ikiwa ni mbolea iliyozidi, fanya hivi. Kwa kijembe kidogo, kwangua udongo wa juu wenye chembe zinazoonekana kuzunguka shina, usizame zaidi ya sentimita 2, uusogeze katikati ya mistari. Mashina yaliyoungua yape lita 4 au 5 za maji asubuhi moja, subiri siku 2 au 3, rudia mara moja. Usiendelee kumwaga kila siku, kwa kuwa udongo wako haupitishi maji haraka na utaizamisha mizizi uliyotaka kuiokoa. Chimba vijifereji kati ya mistari maji yasituame. Chuma majani yote ya chini ya njano, hayatarudi kijani. Halafu ngoja. Jani jipya lenye rangi nzuri likitoka, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, mizizi imeanza kupona. Mashina yasiyoonyesha chochote baada ya wiki tatu yang'oe.

Hapo ndipo unaweka CAN, si urea. Agroveti hajakosea kwamba urea ina naitrojeni nyingi: mfuko wa kilo 50 una kilo 23, wakati CAN ina 13. Kwa bei ya naitrojeni tupu, urea mara nyingi ndiyo nafuu zaidi. Lakini urea lazima kwanza ivunjwe na kimeng'enya kilicho udongoni iwe amonia, na ikiachwa juu ya udongo kama wako, sehemu kubwa hupaa ndani ya siku chache. Urea inafaa ukiifukia na kumwagilia siku hiyo hiyo. CAN nusu yake ni nitreti, tayari kunyweka leo, nusu ni amoniamu inayofuata baadaye, na husamehe makosa zaidi.

Kipimo ni kifuniko kimoja cha chupa ya soda, kile cha bati, kilichosawazishwa kwa kidole. Hicho ni takribani gramu 5. Chora kifereji cha duara sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 3 hivi, zungusha CAN humo, funika, mwagilia. Isiguse shina, isibaki kwenye jani. Chembe moja ikilala kwenye kikonyo chenye umande huacha kidonda cha kahawia. Mashina 600 yatameza kilo 3. Baada ya hapo usifuate kalenda, fuata mzani: kila unapouza kilo 100 za majani, rudisha kilo 2 za CAN, ambazo zina ile nusu kilo ya naitrojeni iliyoondoka. Usizidishe kilo 3 kwa mkupuo mmoja. Mvua za masika zikiwa zinapiga kila siku, gawanya hata hizo kilo 2 mara mbili, la sivyo zitapotea kabla sukuma haijazionja.

Samadi? Iweke, tena sana, lakini ujue inachoweza na isichoweza. Samadi ya boma iliyokauka vizuri huwa na naitrojeni asilimia 1 hadi 1.5 hivi. Kwa hiyo ili upate kilo 13 zilizo kwenye mfuko mmoja wa CAN unahitaji karibu tani nzima, na sehemu tu ya naitrojeni hiyo itaachiliwa msimu wa kwanza. Kwa mtu anayechuma kila wiki, samadi peke yake huchelewa. Faida yake kubwa kwako ni mboji, potasiamu, na zile elementi ndogondogo ambazo DAP na CAN hazina. Kilo 1 kwa kila mita mraba, yaani wilibaro 4 hivi kwa shamba lako lote, kila unapopanda upya, ni kiwango cha kawaida. Iwe imeoza mpaka haina joto wala harufu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza vilevile kama DAP, kwa sababu ile ile ya chumvi na amonia. Iache ioze miezi 2 au 3 ikiwa imefunikwa.

Utakapopanda tena, inua matuta ya sentimita 20 hadi 30, nafasi sentimita 60 kwa 45. Na DAP? Kwa msimu ujao ningeiacha kabisa mpaka upime udongo, maana fosforasi uliyorundika itachanganyika ukilima na itakuwa karibu na mizizi mipya. Vipimo vikionyesha inahitajika, ni kifuniko hicho hicho kimoja kwa shimo, ichanganywe na udongo chini, juu yake uweke udongo mtupu wa sentimita 5, ndipo mche. Mkulima ambaye vipimo vyake vinaonyesha potasiamu iko chini anaweza kupandia mbolea ya NPK 17-17-17, yenye potasiamu pia, lakini udongo mweusi mara nyingi una potasiamu yake, kwa hiyo usilipie kabla ya kujua.

Neno moja kuhusu kununua. Kwa shamba dogo utashawishika kununua mbolea ya kupimiwa kwa kilo. Si vibaya, ila dai ifunguliwe mfuko mbele yako. CAN iliyokaa wazi hunyonya unyevu na kugandamana mabonge, na baada ya sakata la mbolea bandia la mwaka 2024 hakuna haja ya kumwamini mtu kwa uso. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Urea safi huyeyuka yote, na glasi inakuwa baridi mkononi. CAN huyeyuka na kuacha mashapo laini ya chokaa chini, hiyo ni kawaida yake. Ukipata mchanga na kokoto, umeuziwa mchanga na kokoto. Kwa DAP na CAN, saga chembe chache pamoja na chokaa kidogo ya ujenzi yenye unyevu kwenye kijiko cha zamani: zikiwa za kweli, harufu kali ya amonia itakupiga pua mara moja. Usiweke pua karibu. Jaribio hili haliwezi kukwambia kama asilimia zilizoandikwa mfukoni ni sahihi. Hilo ni la maabara.

Na maabara ndiyo ningetaka uende kabla hujanunua mfuko mwingine. KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kule Kabete hupima udongo. Chukua udongo kutoka sehemu 10 hadi 15, ukitembea kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, kwa panga au jembe safi, kutoka katikati ya mistari ambapo hukuweka wala kusogezea DAP. Kama umeshakwangua na kurundika hapo, ondoa kwanza udongo huo wa juu. Changanya kwenye ndoo ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, chota nusu kilo, kausha kivulini, andika jina, eneo na zao. Omba wapime asidi na magadi, chumvi, kaboni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na zinki. Usiache chumvi, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha uharibifu wa juzi umebaki kiasi gani.

Muite afisa wa kilimo wa wadi yenu aje shambani mwenyewe ikiwa zaidi ya robo ya mashina yanaendelea kunyauka baada ya wiki mbili, ukikuta mizizi iliyovimba, au ile pembetatu ya njano ikionekana kwenye mashina mengi. Picha ya simu haitoshi kwa hayo.

Kisima sasa. Kama una kisima kifupi ndani ya ploti au kilicho chini ya mteremko wa shamba, na kuna mtoto wa chini ya miezi 6 anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo, pima nitreti kwenye maji, kwa sababu ikizidi huzuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani nitreti inabaki na kukolea zaidi. Mpaka majibu yatoke, maziwa ya mtoto yatengenezwe kwa maji mengine. Mtoto akionekana na midomo au kucha za rangi ya bluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, mambo ya sukuma yangoje.